Tundu la Makusudi

Jumamosi, 7 Oktoba

Bado viwiko vya bomba. Nimekata bomba tangu asubuhi na hakuna kinachoingiana. Bomba nilinunua duka moja, viwiko duka jingine. Huyu anapima kwa inchi, yule kwa milimita, na wote wawili waliniapia kuwa ni saizi ile ile. Nimesugua kwa msasa hadi vidole vimekuwa laini kama vya askofu. Nina hasira na maduka yote ya Gisenyi.

Mpango wenyewe ni mzuri. Nauandika hapa kwa sababu katika nyumba hii hakuna anayetaka kuusikia. Tangi la samaki, la kioo, liko juu ya kabati sebuleni. Kwenye kona yake nimebandika kisanduku chenye meno. Maji yakizidi yanaruka meno, yanaingia bomba la kutolea, yanashuka hadi tangi dogo lililofichwa ndani ya kabati. Humo mna sponji, kokoto na pampu. Pampu inayarudisha juu kwa bomba la pili. Samaki wanapata maji safi, na mimi napata viumbe wa kutazama ambao hawaninyooshei kidole kuomba kwenda chooni.

Bomba la kurudisha nimelishusha hadi karibu na kitako cha tangi, ili lisukume uchafu. Hapo ndipo penye hatari. Umeme ukikatika pampu inasimama, na bomba lile linageuka mrija: linanyonya maji ya juu na kuyamwaga chini mpaka tangi dogo lifurike. Dawa yake ni tundu moja, dogo kama kichwa cha kiberiti, nililolitoboa kwenye bomba hilo pale ulipo uso wa maji. Maji yakishuka kidogo, tundu linavuta hewa na mnyonyo unakatika. Nafundisha jambo hili darasani kila mwaka. Wanafunzi husinzia.

Kasoro ni moja. Pampu ikifanya kazi, tundu linatoa kamshipa ka maji kanakopiga kioo kwa ndani. Fyuu, fyuu. Kanarudi humo humo tangini, hakuna tone linalopotea. Tundu la kuvuja kwa makusudi. Nilimweleza mke wangu, Mama Aline. Akasema tangu anioe ameona mengi yaliyofanyika kwa makusudi. Nikamkumbusha kuwa mimi ndiye niliyemwoa. Akasema ndivyo alivyoniacha nifikiri.

Mama yake yuko hapa tangu Jumatano. Ameshuka kutoka Mudende, huko mlimani, kwa ajili ya mtoto wa jicho. Atapasuliwa Alhamisi ya tarehe 19. Imetubidi kumbembeleza misimu miwili ya viazi. Anasema macho ni ya Mungu, na Mungu hajalalamika. Neno moja la kumuudhi na atapanda gari la kurudi. Mama Aline amenionya.

Mimi na Mabukwe, ndivyo tunavyomwita mama mkwe hapa, tunaheshimiana kwa mbali, kama inavyotakiwa. Hanikosoi, simkosoi. Akitaka chumvi anamwambia binti yake, na binti yake ananiambia mimi niliyekaa karibu na chumvi.

Jumapili, 8 Oktoba

Nimewasha. Maji yamezunguka. Nikasimama mbele ya tangi na mikono kiunoni kama mkoloni.

Halafu bomba la kutolea likaanza kuongea. Glu-glu-glu-glooo. Kikundi cha maombi cha Mama Aline kilikuwa kimekaa sebuleni, na bomba lilingoja wafikie maombi ya kimya. Mama mmoja mwenye huruma akauliza kama kuna mtu huko ndani tumbo linamsumbua. Macho yote yakanigeukia mimi.

Ni hewa. Maji yanaposhuka kwa kasi yanaburuta hewa, na hewa inagombana. Baada ya wageni kuondoka nimeongeza kipande cha bomba kilichosimama, chenye kifuniko nilichokitoboa, ili hewa iingie kwa adabu. Nimeweka koki pia, nikaifunga kidogo kidogo mpaka kelele ikafa. Sasa kimya. Inasikika ile fyuu tu.

Meneja wa hoteli moja ya ufukweni alikuja kumchukua mkewe kutoka maombini. Akaliona tangi, akalizunguka kama anayechagua ng'ombe. Anasema lingefaa mapokezi ya hoteli yake. Mama Aline akacheka. Akacheka zaidi ya ilivyohitajika.

Jumanne, 10 Oktoba

Samaki wameingia. Wavuvi wameniletea wale wadogo wa kwenye mawe, pamoja na madumu ya maji ya ziwa ambayo mgongo wangu hautayasahau. Kuna jike mmoja kidevu kimevimba. Amebeba mayai mdomoni. Ndivyo wanavyolea hawa: mama anafunga kula mpaka watoto watoke. Anafunga kuliko kikundi chote cha maombi.

Nikamwambia Mama Aline aje amwone. Akaja, akatazama, akasema: masikini, hata yeye hana wa kumsaidia. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha haoni mikuki.

Alhamisi, 12 Oktoba

Hasira. Hasira. Hasira.

Umeme ulikatika mchana nikiwa shuleni. Nimerudi nimekuta sebule ni ziwa la pili. Tangi la juu limebaki nusu, tangi la chini limefurika, kabati limevimba miguu. Na zulia. Zulia la Mama Aline, lile nene alilolichagua Goma na kulivusha mpakani kwa mabega ya watu wawili, limekunywa maji yote.

Mabukwe alikuwa kwenye kochi, miguu juu, ametulia. Akanisalimia kwa upole kuliko siku zote. Upole ule umenichoma. Bila shaka ananihurumia: mkwe mwalimu wa fizikia, na anashindwa na fizikia.

Mama Aline hakupiga kelele. Angepiga ningejua la kufanya. Alisimama kwenye maji, viatu mkononi, akasema:

"Papa Aline. Kama maji inagusa hii tapis mara ingine, ile kitu inaenda ku hoteli. Sikuombe. Nakuambia."

Anajua ninavyolipenda. Sebule hii ina viti vya maombi, vitambaa vya maombi, kalenda ya maombi. Kitu changu ni kimoja tu.

Nina hasira na umeme. Na tundu langu pia. Kwa nini halikuvuta hewa?

Ijumaa, 13 Oktoba

Limeziba. Ndani ya tundu kuna kitu cheupe chenye utelezi. Nimekitoa kwa sindano ya Mama Aline, ambayo sasa anaitafuta. Itakuwa gundi yangu ya bomba, ilichuruzika nilipounga. Au utando wa maji. Kwa vyovyote ni uzembe wangu. Nimelipanua tundu kidogo. Fyuu imekuwa kubwa zaidi. Nimezima pampu mara tatu kujaribu. Mnyonyo umekatika kila mara, vizuri kabisa, kama kwenye kitabu.

Mbwa mimi. Ningejaribu hivyo tangu mwanzo.

Jumapili, 15 Oktoba

Hakuna kilichotokea. Bado nina hasira.

Jumatatu, 16 Oktoba

Imetokea tena.

Umeme ulienda saa za chakula cha mchana. Nilikuwa darasani. Nilipoona taa ya darasa imezimika, nilianza kukusanya madaftari, kisha nikajicheka: tundu nimelipanua, nimelijaribu, lala salama mwalimu. Nimefika nyumbani nimekuta zulia linaelea pembeni.

Safari hii nimekwenda moja kwa moja kwenye tundu. Limezibwa. Halikuziba lenyewe, limezibwa: kitu kimeshindiliwa kwa kidole, alama ya ukucha inaonekana. Nikakikwangua, nikakinusa.

Sabuni. Sabuni ya mche, ya kufulia.

Kwenye tangi la chini kuna povu. Sabuni, ndani ya maji ya samaki. Mtu anayetaka kuwaua samaki bila kisu hahitaji kingine. Wako juu wote, midomo nje, wanahema kama wazee wanaopanda mlima.

Nani? Mimi siku zote niko shuleni. Mwanetu Aline yuko chuoni Huye. Mabukwe haoni vizuri. Hata kikombe anakitafuta kwa kupapasa, na hagusi kitu cha mtu. Amebaki nani? Amebaki anayefua. Aliyesema ile kitu inaenda hotelini, akasahau tu kuniambia kwamba angeisindikiza. Yule aliyecheka na meneja.

Nilimkuta uani anakamua zulia. Nikamwonyesha sabuni kwenye kiganja. Nilisema kwa sauti ya chini, kwa kuwa mama yake alikuwa chumbani. Na maneno mabaya yakisemwa kwa sauti ya chini ndiyo huwa mabaya zaidi. Nilimwambia ameniua. Nilimwambia anatabasamu kanisani na anaharibu nyumbani. Nikaongeza la watu wa kwao na akili zao za mlimani. Hilo halikuwa kwenye mpango, lilitoka lenyewe.

Aliitazama sabuni. Akaitazama muda mrefu. Akafungua mdomo, akaufunga. Akarudi kukamua.

Mtu asiye na hatia angejibu. Ndivyo nilivyomwambia.

Jumanne, 17 Oktoba

Wamekufa nusu. Yule jike aliyatema mayai. Nimeyakuta yametawanyika kwenye kokoto, meupe, na yeye mwenyewe kalala ubavu. Wiki nzima hajala kwa ajili ya mayai yale.

Waliobaki nimewahamishia kwenye ndoo za maji ya ziwa. Mgongo wangu umelia tena. Nimezika wafu chini ya migomba ya jirani kabla jirani hajaamka, maana angetaka kujua aina ya ibada.

Mama Aline amempigia meneja. Nimesikia mwenyewe. Watu wa hoteli watakuja Jumamosi kubeba tangi. Alipomaliza akaniambia kwa kifupi: "Jumamosi." Nikasema sawa. Nyumba nzima tunazungumza kama simu za zamani.

Nimelala kwenye kochi. Limelowa. Nimelala humo humo kwa ukaidi.

Sijawahi kumkasirikia hivi. Hata mwaka ule alioipa kwaya baiskeli yangu. Kinachoniuma zaidi ni utulivu wake. Anampikia mama yake uji, anamkata kucha, anaimba. Anaimba.

Jumatano, 18 Oktoba

Nitaandika polepole. Sitaki kuchana karatasi.

Leo mchana wanafunzi walikuwa na michezo, kwa hiyo nilitoka mapema. Nilikuwa nimeacha pampu ikizunguka na maji matupu, bila samaki, kuosha mabaki ya sabuni. Sikutaka hoteli ilipokee povu langu. Nina hasira lakini nina aibu pia. Mama Aline alikuwa sokoni. Niliingia kwa mlango wa nyuma, nimevua viatu kwa sababu ya matope.

Mabukwe alikuwa amesimama mbele ya tangi. Amepanda kigoda, umri wake ule. Ameinamisha kichwa, sikio karibu na kioo, macho ameyafumba kabisa. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya tangi unapapasa bomba, taratibu, kutoka juu kushuka, kama mtu anayetafuta kupe kwenye shingo ya ndama. Mkono wa pili ulikuwa unafinyanga kipande cha sabuni. Kidole kilipofika kwenye tundu, fyuu ikakatika. Akatabasamu. Akashindilia sabuni.

Nilimwona yule jike wangu kalala ubavu. Nililiona zulia, kochi, na wanaume wa hoteli wakilibeba tangi Jumamosi. Nilifungua mdomo kwa nguvu zote za miaka yangu ya ualimu.

Kilichotoka ni salamu ya mchana: "Mwiriwe, Mama."

Alishtuka, akaficha sabuni kwenye mkunjo wa kitenge. Nikampa mkono, akashuka. Tukakaa, yeye kiti hiki, mimi kile cha mbali. Hatukuwa na mtu wa kutupitishia maneno. Akaangalia upande wangu, si mimi hasa, kivuli changu, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake akazungumza nami moja kwa moja, zaidi ya salamu.

"Mukwe wangu, unisamehe. Sikutaka ujue."

Nikasema hakuna neno.

"Tiyo yako, hii bomba, inavuja. Niliisikia tangu siku ya kwanza uliwasha. Nikasema, nikiambia binti yangu, atacheka bwana yake. Nikikuambia weye, ntakupatisha haya. Bon, minaizibaka mwenyewe ukienda ku masomo. Na sabuni, kama vile tunazibaka bidon ya maji kule kwetu. Hata yeye hajue."

Nilikuwa natazama ukuta.

"We unafundisha watoto," akasema kwa huruma. "Mutu hawezi kujua byote."

Hasira yangu ilikosa mlango. Ningemwambia nini? Kwamba amefurisha nyumba mara mbili? Kwamba ameua samaki? Kwamba lile tundu aliloliziba ndilo lililokuwa kinga yetu? Angesimama pale pale, angefunga mzigo wake, na lile jicho lingerudi Mudende na giza lake. Upasuaji ni kesho.

Na alikuwa ameniheshimu. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kila siku mama mzima anapanda kigoda, anazamisha mkono kwenye maji baridi, ili mkwe wake asichekwe.

Nikasema: "Asante, Mama. Nitalitengeneza mwenyewe sasa. Usijichoshe."

Akafikiri. Akatoa sabuni kwenye kitenge, akaniwekea kiganjani.

"Kwa haraka," akasema. "Ikivuja tena, usingoje."

Nimekwenda uani nikapiga teke ndoo. Tupu, ashukuriwe Mungu. Kidole gumba kimevimba.

Nimeandika mpaka hapa ndipo jambo jingine limenijia. Mama Aline amelelewa na mwanamke huyu. Bidoni za kwao, yale madumu ya maji, amezibeba kichwani. Niliponyoosha kiganja chenye sabuni siku ile uani, aliitazama muda mrefu, akafungua mdomo, akaufunga.

Mungu wangu.

Alhamisi, 19 Oktoba

Hospitali. Benchi. Mabukwe ameingia ndani akiwa na kofia ya karatasi, ameshika mkono wa muuguzi, anamuuliza anatoka ukoo gani. Tumebaki wawili na mkoba wake.

Mtu wa redio kama mimi, anavyoniita mke wangu kwa sababu ya Kiswahili changu sanifu cha Karagwe nilikokulia, na sentensi niliyopata ni moja. Nikauliza tu kama alijua.

"Siku ile ulinionyesha sabuni," akasema. "Nani mwingine kwetu anazibaka na sabuni?"

"Ukaniacha nikutukane."

"Ningesema nini? Ningesema ni mama, ungenyamaza, najua. Lakini uso yako, Papa Aline. Uso yako haijuake kunyamaza. Angesikia mu sauti ya salamu tu, na angepanda gari."

Nikataja yale niliyosema ya watu wa mlimani. Nilitaka kuyafuta. Akasema hayo hajasahau na hana mpango wa kuyasahau mapema. Atayatunza. Siku nitakapomkatalia kitu kikubwa atayatoa.

Nikaomba msamaha. Sikuupamba. Akaitoa simu yake, akasimama pembeni, nikamsikia anamwambia meneja wa hoteli kwamba watu wake wasije. Sababu hakutoa. Aliporudi kukaa alikaa karibu kidogo.

"Tangi ibakie," akasema. "Lakini tapis utafua weye. Na kochi. Na ile sindano yangu, irudishe."

Bado nina hasira, lakini sasa sijui niielekeze kwa nani. Nilimtukana mtu aliyekuwa ananyamaza kwa ajili ya mama yake, mama aliyekuwa ananyamaza kwa ajili yangu. Mpumbavu aliyekuwa anaongea ni mmoja.

Ijumaa, 20 Oktoba

Wametoa bandeji. Jicho limekubali. Mabukwe alimtazama daktari, akamtazama binti yake, akalia kidogo. Halafu akanigeukia mimi. Akanitazama kwa makini, kuanzia juu.

Akamwambia binti yake, nami nikiwa nimesimama pale pale: "Kumbe nywele zake zimekwisha. Na haukuniambia."

Nimefua zulia. Mtu asiyewahi kufua zulia lililolowa asiniambie habari za kazi ngumu.

Jumamosi, 21 Oktoba

Nimelikata bomba la kurudisha. Kwa msumeno, bila huruma. Mdomo wake sasa uko juu, umezama kiasi cha vidole viwili tu. Pampu ikisimama, maji yanashuka vidole viwili, mdomo unabaki hewani, mnyonyo unakufa. Tundu halihitajiki. Halikuhitajika hata siku ya kwanza. Nilitaka kusukuma uchafu wa chini kwa ufundi wakati mpira wa kunyonyea na ndoo vinatosha. Huyo ndiye mimi: nafuata njia ndefu ili nionekane nimetembea.

Kioo nimekiosha mara nyingi mpaka povu limekwisha. Maji mapya ya ziwa. Wale waliosalia nimewarudisha. Wamejificha kwenye mawe na hawanitazami.

Mabukwe akaja kukagua. Akalitegea sikio tangi. Akanitegea na mimi. Hakuna fyuu.

"Sasa umetengeneza," akasema. "Polepole, lakini umetengeneza."

Ameshaanza kunizungumzisha mwenyewe, bila mjumbe, na sijui nani alimruhusu. Akasogeza kiti, akakaa, akaangalia ndani kwa jicho lake jipya. Samaki mmoja akatoka. Akampima kwa macho.

"Bado bidogo kwa kukaanga."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anaangalia bomba. Aliliangalia kuanzia linapoingia mpaka mdomo wake. Akainama akaangalia kioo upande huu, akaangalia upande ule. Bomba lote liko ndani. Hata mtoto angeona kwamba kitu kikivuja humo kinarudi humo humo.

Mikono yake ikashikana mapajani.

"Mukwe wangu," akasema. "Ile maji, ilikuwa inaangukiaka wapi?"

Mama Aline alikuwa mlangoni mwa jikoni na sahani mkononi. Akasimama.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nimewapa wanafunzi sifuri kwa jibu bora kuliko nililotoa.

"Chini, Mama," nikasema. "Kwenye sakafu. Ungeacha, tungekosa sebule."

Akanitazama. Lile jicho linaona vizuri mno. Uso wangu, wanasema, haujui kunyamaza. Leo niliulazimisha mpaka mashavu yakauma.

"Ndio," akasema mwishowe. "Niliwaza hivyo."

Akainuka kwenda kumsaidia binti yake. Jikoni zikasikika sahani.

Jumatano, 25 Oktoba

Mabukwe amepanda gari la Mudende. Hakukubali mtu amshike mkono kupanda. Aliniaga mwenyewe, kwa jina la mwanangu, kama mtu anavyomuaga mwenzake. Simu imeshafika kutoka huko: anawaambia watu kwamba mkwe wake ni mzito kuelewa, lakini ukimvumilia anaelewa.

Nilikasirika. Nikatafuta mahali pa kuiweka hiyo hasira, sikupaona.

Ijumaa, 27 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Zulia limerudi mahali pake, linanuka kidogo ukiliinamia. Hakuna anayeliinamia.

Mama Aline anafuma kitambaa. Mimi nasahihisha madaftari. Wanafunzi wamechora mrija wa kunyonya, na wengi wao wameuchora juu chini.

Umeme umekatika.

Bomba la kutolea lilikohoa mara moja. Maji yakashuka vidole viwili. Yakasimama. Mama Aline aliendelea kufuma, nami nikasogeza daftari karibu na dirisha. Hakuna aliyeinuka.